Fime Nyeusi kwenye Dirisha la Mzee Kagabo

Kioo kikivunjika mtaani Kimanga, watu hawaulizi nani kaumia. Wanauliza kama Fadhila amefungua. Ndivyo mji wa Uvira ulivyo siku hizi: milio ya risasi ikinyamaza, foleni inaanza mlangoni kwa Fadhila, na watu wamejitwika fremu za madirisha yao kichwani kama wanaopeleka mihogo kusagwa. Yeye huwapokea kwa matusi. Huwatukana waliovunja, huwatukana wenye madirisha kwa kujenga karibu na barabara, na akimaliza huwatukana mababu zake mwenyewe, wale wafanyabiashara wa zamani, ambao waliliona ziwa zima la Tanganyika, refu namna hii, wakachagua kushusha mizigo Uvira. Halafu anachukua kalamu ya almasi aliyoachiwa na baba yake, marehemu Ayoubu, anakata kioo, na kioo kinakaa sawasawa.

Hasira hasara, majirani humwambia. Yeye hujibu kwamba hasara anaijua, wao wamletee faida.

Kazi yake kubwa si madirisha ya nyumba. Ni magari, na kwenye magari ni fime, ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye kioo ili kupunguza jua. Uvira jua linatokea ziwani na halina aibu. Kuanzia asubuhi linaingia ndani ya gari na kukaa, na bati linashika moto mpaka usukani haushikiki. Fadhila ana namna yake ya kupima fime. Akimaliza kubandika, anangoja jua lipande utosini, anaingia garini, analaza shavu lake la kulia kwenye kioo na kuanza kusoma Fatiha. Kwenye kioo kitupu huwezi kufika katikati, ngozi inakataa. Kwenye fime nzuri anasoma polepole mpaka amina. Asipofika amina, anabandua yote na kuanza upya, na mwenye gari akilalamika, anaonyeshwa mlango.

Fime nyeusi hauzi. Zamani aliuza. Mumewe Selemani, dereva, mtu mpole aliyeoa mwanamke mkali kwa hiari yake na hakujuta, alikufa ndani ya gari la mteja, jeep lenye fime nyeusi pande zote kwa kuwa mwenyewe alitaka kuonekana mkubwa. Selemani alikuwa analirudisha tu. Kwenye kizuizi cha askari kusini mwa mji aliambiwa asimame, akasimama. Akainama kutafuta karatasi za gari, na kile kivuli kilichoinama nyuma ya kioo kiliwatosha. Wakapiga risasi mpaka kioo kikamwagika chote barabarani. Walipofungua mlango walisema neno moja: hatukuona nani iko ndani. Wakalisema kwa mkubwa wao, wakalisema kwa imamu, kisha wakaja kulisema msibani, wakakaribishwa chai, wakanywa.

Fadhila aliwamiminia ile chai kwa mkono wake. Jambo hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko maiti yenyewe, ile chai, na jinsi mmoja wao alivyoomba sukari.

Tangu hapo anabandika ile nyeupe tu, ile inayokata joto lakini mtu akisimama nje anaona pua na macho ya aliye ndani. Wenye magari makubwa humcheka. Anawaacha wacheke.

Na kuna Vainqueur, ambaye inabidi nimtaje mapema kwa sababu atarudi. Siku moja ya maandamano, vijana walipita Kimanga wakitupa mawe, na mmoja akalenga duka la dawa ambalo Fadhila alikuwa ametoka kulitia kioo kipya, gundi bado mbichi. Fadhila alitoka na raklete yake, ule mti wenye ulimi wa mpira wa kusukumia maji kwenye kioo, akamkimbiza kijana yule katikati ya waandamanaji, akampata karibu na soko, akampasua sikio. Waliokuwa wakicheka wakamshika asimuue. Kisha akaona kiganja cha kijana kimejaa vipande vya kioo. Akamkalisha chini, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, huku akimtukania ukoo wake wote. Alikuwa Vainqueur. Hakulia, lakini alipomaliza kufungwa kitambaa alisema asante, na Fadhila akamwambia asante yake akaitie chumvi.

Sasa Ezechiel.

Ezechiel alikuwa mfugaji wa Rurambo, juu kule milimani ambako asubuhi mtu hutoka nje na koti. Nyumba yao ilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, mama yake akazikwa huko huko kwa haraka. Alishuka mjini na mkewe Uwituze na baba yake, Mzee Kagabo, mgonjwa wa figo, na kanisa lao likawapa uwanja mdogo Kimanga na minibisi mbovu iliyokuwa ikibeba kwaya. Wakaifanya nyumba. Waling'oa viti vya nyuma, wakatenga sehemu ya mbele kwa ubao, wakaweka kitanda cha mzee, pipa la maji, jiko la makaa karibu na mlango. Madirisha ya nyuma hayakuwa na kioo, yalipigiliwa karatasi za nailoni, na ndani ya nailoni ile mchana mtu alichemka.

Alikuja kwa Fadhila kuomba madirisha. Waliongea muda mrefu kuhusu madirisha, kwa sababu kuchagua dirisha la gari linalolaliwa si sawa na kuchagua dirisha la gari linalopita. Ezechiel alitaka plastiki ngumu, isiyovunjika. Fadhila akamweleza kwamba plastiki hiyo inageuka njano baada ya muda, na joto ikilishika haliachi. Akataka kioo kisichofunguka, ili mkono wa mtu usipenye. Fadhila akamuuliza kama mzee anahema kupitia masikio. Mwishowe wakakubaliana: huku na huku, kandokando ya kitanda, vioo vipana visivyofunguka, na juu yake vioo vyembamba vya kusukuma, vifunguliwe upande wa ziwa ili ule upepo mdogo wa mchana uingie na utokee upande wa milima. Vioo vya gari havikuwepo mjini. Angekata kioo cha kawaida cha nyumba, ambacho kikivunjika ni visu, lakini fime ingevishika vipande visianguke. Kwa upande wa joto na kwa upande wa mawe, fime moja ilitosha.

Ndipo Ezechiel akasema anataka fime nyeusi.

Fadhila akamwambia aondoke. Ezechiel hakuondoka. Alisimama pale na kofia mkononi, mtu mrefu aliyepinda shingo chini ya bati la kibanda, akasema maneno aliyoona haya kuyasema.

"Mama, baba hakunywa kitu toka juzi. Kwetu muzee hakule na hakunywe mbele ya macho ya watu. Hapa chini macho ni mengi."

Fadhila alidhani ni ujanja. Akachukua mtandio wake akaenda kuona mwenyewe, na njiani kote alikuwa akitayarisha matusi.

Hakuyatumia. Uwanjani, watoto walikuwa wamepanga pua zao kwenye matundu ya nailoni kama wanaotazama sinema, na wakubwa nyuma yao walijifanya wanapita. Ndani, Mzee Kagabo alikuwa ameketi kitandani na koti lake la milimani, jasho likimtiririka, midomo imepasuka, kikombe cha maziwa mkononi. Hakukiinua. Alikuwa ameketi wima, akitazama mbele, mtu aliyewahi kuwa na zizi lililojaa, na hakuwa tayari kunywa mbele ya wageni hata kama kiu ingemzika. Pazia lilikuwepo, Uwituze akamwonyesha. Lakini pazia likizuia macho linazuia na hewa, na jua likishapenya nailoni halijali pazia, joto linabaki ndani na mgonjwa. Walipolishusha siku ya kwanza, mzee alizimia.

"Baba ya Ezechiel iko anakufa na kiu," Uwituze alisema, "na maziwa iko mu mukono."

Fadhila akamuuliza kwa nini anamwita hivyo kila mara, baba ya Ezechiel, baba ya bwana yangu, kana kwamba mzee hana jina. Uwituze akainamisha macho, akasema kwao mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa peke yake shambani. Mama yake hakulitamka la mkwewe mpaka kufa. Fadhila akasema watu wa milimani wana kazi nyingi mno. Lakini alivua mtandio wake, akauning'iniza mbele ya tundu, akawafukuza watoto kwa jiwe moja la kutisha na moja la kweli, na nyuma ya ule mtandio mzee akanywa. Wote wawili walisikia koo lake likishuka na kupanda. Fadhila aligeuka akatazama mlima.

Akabandika nyeusi. Aliibandika na roho yake ikimkataza, mikono ikijua kazi na moyo ukikataa. Kioo cha mbele na vya dereva alivitia nyeupe, akakataa kabisa kusikia habari nyingine. Vya nyuma, huku na huku kwa mzee, nyeusi. Akamshika Ezechiel kola ya shati.

"Hii ni nyumba," akasema. "Nyumba haipite baryeri ya askari. Siku unataka kutembea, unaniita minye kwanza, nabandua yote. Weye unanisikia?"

Ezechiel akaapa. Fadhila akamwonya pia asiviguseguse vioo kwa siku kadhaa, gundi ya fime inakauka taratibu, na ikiwa mbichi ukucha tu unaweza kuinyanyua.

Mzee alianza kunywa. Alikunywa maziwa, alikunywa uji, alikula kidogo, na Uwituze alisema alimsikia akiimba wimbo wa ng'ombe ndani ya giza lake dogo. Nje, watu walianza kusema. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini anayeficha mzee anafichuliwa na uongo wa wengine. Walisema watu wa juu wameweka vioo vyeusi kwa sababu wanaficha kitu. Mmoja akasema silaha. Mwingine akasema mkubwa wa waasi, amekuja kutibiwa. Uvumi ulipofika sokoni, mzee mwenye figo mbovu alikuwa jenerali. Watu wale wale waliomtazama akikataa kunywa walikuwa sasa wanaapa kwamba hawakupata kumwona.

Siku ya pili Fadhila alikwenda kupima fime, jua lilipofika utosini, kwa desturi yake. Aliingia kwa mlango wa kusukuma, akamsalimu mzee, akalaza shavu kwenye kioo cheusi. Hakufika amina. Jiwe la kwanza liligonga pale pale, upande wa pili wa kioo, sentimita chache kutoka jicho lake.

Kioo kililia na kupasuka chote, mistari ikitawanyika kutoka kwenye alama ya jiwe, lakini hakikuanguka. Fime ilikishika. La pili likaja, la tatu, kisha hayakuwa tena ya kuhesabu. Mlango wa kusukuma ulipigwa na kitu kizito, jiwe la kujengea labda, bati likakunjwa ndani na ukakwama. Sauti za nje zilikuwa za watu anaowajua. Alizitambua moja moja, wateja wake, na kila aliyemtambua alimtukana kwa jina. Mtu akapiga kelele walete petroli. Ezechiel alikuwa ameshaingia kwenye usukani, Uwituze pembeni yake, damu shingoni. Fadhila aligonga ubao uliotenga mbele na nyuma, akipiga kelele asiondoke, asiondoke na vioo hivi. Injini ikakohoa, ikashika, na minibisi ikatoka uwanjani ikibomoa uzio wa kanisa.

Hakuna wa kumlaumu. Mtu anayesikia neno petroli haachi gari ili abandue plastiki. Ezechiel alikuwa na wazo moja, mpaka wa Kavimvira, na ng'ambo yake dada yake Uwamahirwe aliyekuwa akiishi Bujumbura. Barabara hiyo si ndefu. Inatosha kufa.

Nyuma, Fadhila alimlaza mzee sakafuni kati ya pipa na kitanda, maji yakimwagika juu yao. Mzee hakulalamika. Alikumbatia chombo chake cha maziwa, kile cha mti chenye kifuniko cha ukindu, kama mtu aliyembeba mtoto kwenye mvua. Gari lilivuka daraja, likapunguza mwendo, likasimama, na Fadhila akajua liliposimama ni wapi kabla hajasikia sauti.

Kwenye kizuizi walikuwa vijana wa bunduki, wale ambao kila mtu anawaita kwa jina tofauti kutegemea anamwogopa nani. Wakaona parabrizi, kile kioo cha mbele, safi, na mtu mrefu wa milimani kwenye usukani. Wakaona nyuma vioo vyeusi vilivyopasuka. Walimtoa Ezechiel kupitia dirishani. Fadhila alisikia kitako cha bunduki kikishuka mara ya kwanza na Ezechiel akisema jina la Yesu, kikashuka mara ya pili na Ezechiel akisema kitu ambacho hakikuwa neno, na baada ya hapo kitako peke yake ndicho kilichokuwa kikisema. Taya lake lilivunjika hapo. Meno yake mawili aliyapata Uwituze baadaye kwenye mkunjo wa nguo yake.

Kisha wakamgeukia mwanamke.

"Weye mwanamuke. Iko nani mule nyuma?"

Fadhila aliifahamu sauti. Sauti hiyo ilikwisha kumwambia asante.

Uwituze alijibu kwamba ni baba wa mumewe, mzee, mgonjwa. Vainqueur akatoa kadi kwenye mfuko wa Ezechiel, kadi ya kupigia kura ya mzee, akaishika mbali na macho yake. Akamwambia aseme jina la mzee. Kama jina litalingana na kadi, watafungua taratibu. Kama halilingani, basi mule ndani si mzee.

Uwituze akanyamaza.

Akaulizwa tena. Akasema, baba ya Ezechiel. Kofi likasikika. Akasema, baba ya bwana yangu. Mtu akampiga na kitu tumboni, Fadhila akasikia pumzi ikimtoka, na hakusema tena. Alikuwa anawapa sababu ya kumuua mzee, na hakuwa na njia nyingine, kwa maana kinywa chake hakijawahi kulibeba jina lile na kilikuwa hakijui lilipo. Vijana wakaanza kupaza sauti. Mke asiyejua jina la baba mkwe, umeliona wapi jambo hilo? Ni mkubwa wao huyo, anafichwa. Usifungue mlango, mwingine akasema, anayefungua ndiye atakufa kwanza. Piga kupitia kioo.

Fadhila alisikia vyuma vya bunduki vikivutwa, zaidi ya moja.

Aligonga mlango, umekwama. Alipiga kelele jina la Vainqueur, lakini nje kila mtu alikuwa anapiga kelele, na sauti ya mwanamke kutoka ndani ya giza ikawa sababu nyingine ya kuogopa. Mtu alisema wako wengi. Fadhila akakitazama kioo. Kwa upande wa ndani aliwaona vizuri wote, vivuli vya kahawia na bunduki zao, wamejipanga. Wao hawakumwona. Kivuli kilichoinama, alifikiria, na mguu mmoja wa Selemani ukaja machoni pake, ule uliobaki na kiatu.

Kioo kile kilikuwa kimekwisha kuwa visu, na kitu pekee kilichokuwa kikivishika ni ile plastiki aliyoibandika yeye. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimfunika mzee kwa godoro, akapanda kitandani kwa magoti, akaingiza kucha kwenye kona ya juu ambako gundi ilikuwa bado mbichi, akavuta.

Alivuta kwa uzito wake wote. Fime ikabanduka na sauti ya kitambaa kinachochanwa, na kioo kikamwangukia. Kilimwangukia usoni na kifuani na kwenye mikono yake aliyoinyoosha juu ya godoro, na kipande kirefu kikamshika shavu la kulia kuanzia chini ya jicho mpaka kwenye kidevu. Kijana mmoja akafyatua. Risasi ikapita juu ya utosi wake, ikatoboa bati, ikaenda mlimani. Jua likaingia ndani lote kwa mara moja.

Pale dirishani wakaona mwanamke wa Kimanga wanayemjua wote, kichwa wazi, uso nusu nyekundu.

"Vainqueur, angalia muzuri," alisema. Hakupaza sauti, shavu halikumruhusu. "Ni minye Fadhila. Na huyu ni muzee." Akalivuta godoro pembeni. "Sasa munaona. Kama munapiga, mupige. Lakini musikuje kwangu kunywa chai na kusema hamukuona nani iko ndani."

Hakuna aliyepiga. Hakuna pia aliyeshusha bunduki. Mzee Kagabo, ambaye hakuna aliyemwambia ainuke, alikuwa anainuka, akishika ukingo wa dirisha wenye vipande vya kioo, akakaa kitandani wima kama kawaida yake, mdogo ndani ya koti lake kubwa. Macho yote ya kizuizi yalikuwa juu yake. Vainqueur alitazama kadi, akamtazama mzee, akashika sikio lake lililopasuliwa bila kujua kama amelishika.

"Jina," alimwambia Uwituze. Sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa karibu ya kumwomba. "Sema tu jina, tumalize."

Uwituze alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi karibu na kichwa cha mumewe. Alimtazama mzee dirishani. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama machoni.

"Kagabo," akasema. Akalisema tena, kwa sababu mara ya kwanza lilitoka na damu. "Ni Kagabo."

Watu wa milimani wana neno, karame, ambalo mdogo humjibu mkubwa anapoitwa. Mtoto humjibu baba, mke humjibu mkwe. Ndani yake kuna dua ya maisha marefu. Mkubwa hamjibu mdogo hivyo, haijatokea.

"Karame," Mzee Kagabo akamjibu mkwewe.

Kisha akafungua kile chombo cha maziwa. Kifuniko kilimshinda, Fadhila akamsaidia kwa mikono yenye damu, na maziwa yakashika wekundu kidogo ukingoni. Mzee akakiinua. Mbele ya wale vijana, mbele ya wanawake waliosimama ng'ambo ya barabara na wenye pikipiki waliozima injini ili wasikose kitu, mbele ya macho yote ya Kavimvira, akanywa. Hakuwa na haraka. Alikunywa mpaka chombo kikainama chote, akapangusa mdomo na mkono wa koti, akamtazama Vainqueur kama anayemuuliza kuna la ziada.

Fadhila ndiye aliyelia. Vioo vyote alivyovunjiwa maishani havikumliza, kumzika Selemani hakukumliza hadharani, lakini kumwona mzee yule akinywa mchana kweupe kulimvunja. Alilia kwa hasira, chozi la chumvi likiingia kwenye jeraha, na akalitukana chozi.

"Mupite," Vainqueur alisema.

Mmoja wao hakukubali, akampiga teke la mwisho Ezechiel, aliyekuwa hata hasikii. Vainqueur akamsukuma. Wakamwinua Ezechiel wakamtupa kwenye kiti cha mbele kama gunia. Uwituze, ambaye aliwahi kuendesha minibisi ile mara moja tu, uwanjani, akashika usukani. Mpaka leo Fadhila hajui kilichomshinda Vainqueur pale, kama ni sikio, au kiganja, au maziwa. Hajamuuliza. Walipokutana tena sokoni, kijana alivuka akapita upande mwingine wa barabara, na yeye akamwacha avuke.

Wenye minibisi walivuka. Fadhila alishuka mpakani, akarudi kwa miguu akishikilia shavu kwa mtandio, na alipofika Kimanga aliyakuta mawe uwanjani na majirani wakimpa pole. Waliompa pole ndio waliorusha. Aliwatajia majina yao, mmoja mmoja, kila mmoja na jiwe lake, mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Uwituze humpigia simu. Ezechiel anakula vya kunywa, taya limeunga vibaya, lakini anacheka. Mzee yuko kwa Uwamahirwe na anatibiwa. Sasa akiitwa baba ya Ezechiel hageuki. Anangoja aitwe kwa jina, na anaitika karame, na wageni wa milimani wakija wanaona aibu na kutazama chini.

Shavu la kulia la Fadhila limefunga kovu nene lisilosikia baridi wala moto. Anapima kwa la kushoto, na bado hafiki amina kirahisi. Juzi alikuja mteja mwenye jeep jipya, akataka nyeusi, pande zote, akasema bei si tatizo. Fadhila hakumtukana. Alimsogelea, akamgeuzia lile shavu, akamwambia aguse. Mtu yule akagusa, akauliza limeungua na nini.

"Ni dirisha," Fadhila akamwambia, akaenda kuchukua ile nyeupe.